Ponti ya Nyuma: Kujenga au Kununua?

Ndugu wasomaji, hwenda mtastaajabu kuona mwalimu wa dini anawaandikia juu ya vyuma vya motokari. Wengine watasema: Huyu ameacha katekisimu amefuata grisi. Lakini subirini kidogo. Mambo haya yametokea nyumbani mwetu, yametugombanisha sisi na mdogo wetu, tena yalitaka kula hata feza ya mabati ya mama yetu. Ndiyo maana twaona yafaa kuyaandika.

Twakaa Louisville, mji wa jimbo la Kentucky, Marekani. Wakongo wasemao Kiswahili ni wengi hapa, nasi tu mmoja wao. Mdogo wetu anafanya kazi ya usiku katika depo ya mizigo. Si mlevi, si mchezaji wa karata. Anapenda kitu kimoja tu, nacho ni motokari yake, Ford Mustang ya mwaka 1966. Aliinunua ikiwa imelala nyuma ya nyumba ya mtu, na ndege wamejenga ndani. Miaka miwili aliitengeneza kwa mikono yake. Aliondoa injini ya zamani, akatia nyingine ya lita 5 pamoja na boksi yake ya gia tano, vyote vimetoka katika Mustang ya 1990. Kisha akanunua matairi mapana yenye kushika lami kama gundi. Siku za Ijumaa alikwenda nayo kwenye uwanja wa mashindano, mahali wanapokimbiza motokari mbili mbili kwa robo ya maili, ndiyo metre 402, na kupima nani amefika kwanza.

Ijumaa moja ya mwezi wa tisa, mwaka 2023, simu ililia usiku.

— Yaya, gari imelala.

— Imepata nini?

— Taa ya kijani imewaka, nimeachia klochi, nimesikia kama mfupa umevunjika. Injini inalia lakini magurudumu yanakataa.

Tulikwenda na kamba. Asubuhi alipofungua ponti ya nyuma, mafuta yalimwagika yakiwa na vipande vya meno ya chuma, mfano wa mahindi yaliyomwagika njiani.

Wasomaji waliokaa karibu na kamyo wanajua ponti ya nyuma, lakini kwa wengine tueleze. Injini huzungusha chuma kirefu kiitwacho kardani, kipitacho chini ya motokari hata nyuma. Kardani huzunguka kwa ubavu, kumbe magurudumu yanatakiwa kuzunguka kwenda mbele. Kazi ya kugeuza mzunguko ule hufanyika ndani ya ponti. Gia ndogo iitwayo pinyoni husukuma gia kubwa ya mviringo, ndiyo korona. Korona huzungusha shafti mbili zinazotoka kushoto na kuume kwenda kwenye magurudumu. Vyote vimefungwa ndani ya sanduku la chuma lenye mabomba mawili, na hayo mabomba ndiyo yanayobeba uzito wa nyuma wote.

Tena ponti huzidisha nguvu. Katika boksi ya mdogo wetu gia ya kwanza huzidisha nguvu ya injini mara 3.35. Ponti yenye kipimo cha 3.73 huizidisha tena mara 3.73. Zidisheni wenyewe, mtaona ni zaidi ya mara 12. Nguvu hiyo yote hupita katika meno machache yanayogusana. Ponti ya zamani ya Mustang ile huitwa ya inchi 8, kwa sababu korona yake ina upana wa inchi 8, yaani sentimetre 20 hivi. Kwa kuendea sokoni ilitosha kabisa. Na hata kwa injini mpya ingaliweza kudumu, kama matairi yangaliendelea kuteleza. Tairi likiteleza huokoa ponti. Tairi likishika lami sana, pigo halina mahali pa kukimbilia, larudi kwenye meno. Mdogo wetu alitia nguvu mbele, akatia mshiko nyuma, akasahau shingo nyembamba iliyo katikati.

Basi ikaja shauri: kujenga ponti nyingine au kuinunua?

Njia ya kununua ilikuwa wazi. Hapa Marekani kuna viwanda vinavyotengeneza ponti mpya kamili kwa Mustang za zamani. Nyingi hufuata mfano wa ponti ya Ford ya inchi 9, iliyoanza kutumika mwaka 1957 na kuendelea hata 1986. Ni ponti yenye sifa kubwa, nasi twaona ina haki yake. Pinyoni yake hushikwa na rulmani hata kwa nyuma, isikimbie inaposukumwa. Gia zake zote hutoka mbele pamoja kama kitu kimoja, fundi akazipima juu ya meza. Na shafti zake hufungwa kule nje, karibu na gurudumu, kwa kibamba chenye bulo nne. Unaipokea, unaifunga, unatia mafuta, unakwenda. Bei aliyotajiwa pamoja na breki zake ilikuwa dola 3,600.

Njia ya kujenga nayo ilikuwa na sifa zake. Motokari za Ford Explorer za miaka 1995 hata 2001 zina ponti ya inchi 8.8, yenye breki za sahani na shafti nene kuliko zile za Mustang ya zamani. Gurudumu lake hushikwa na bulo tano, na nafasi kati ya bulo ni ileile ya Mustang. Ford yenyewe iliweka ponti ya inchi 8.8 chini ya Mustang zenye silinda nane tangu 1986 hata 2014. Tena Explorer nyingi ziliundwa katika mji huu huu wa Louisville, kwa hiyo makaburi ya motokari yaliyo hapa yamejaa mizoga yake. Kuna hata kibati kidogo kwenye mfuniko wa ponti. Ukisoma 3L73, ujue kipimo ni 3.73, na ile L yaonyesha ya kwamba gurudumu moja likiteleza, lile lingine litasaidiwa kuvuta.

Ila kuna shida moja. Bomba la kushoto la ponti ile ni refu kuliko la kuume kwa inchi 3 hivi, yaani sentimetre 7 na nusu. Yakupasa kulikata, kulifupisha na kulichomelea upya, kisha kutia shafti fupi pande zote mbili. Hapo upana unakaribia ule wa Mustang ya 1966.

Mdogo wetu alituletea karatasi yake. Ponti ya Explorer, dola 250. Shafti fupi ya pili, dola 50. Kuchomelea mwenyewe, bure. Jumla, dola 300. Akaweka kidole juu ya ile 300, kisha juu ya 3,600, akatutazama kama mtu aliyemaliza hesabu.

Katika seminari walitufundisha kugawa swali kabla ya kulijibu. Tulichukua kalamu tukauliza: Mashine ya kuchomelea unayo? Hana: dola 500. Vikalio vipya vya springi na bulo zake: 60. Rulmani na mpira wa kuzuia mafuta: 90. Sahani za breki na vibao vyake: 160. Mabomba ya breki na kamba za breki ya mkono: 140. Kurekebisha kardani, maana haifungiki kwenye pinyoni ya Explorer: 230. Mafuta na dawa yake: 45. Ile 300 ikawa 1,525.

Hapo alinyamaza. Maana alikuwa na dola 1,800 tu, na katika hizo 1,100 hazikuwa zake. Zilikuwa za mama, aliyebaki Uvira, ambaye upepo ulimwezulia nusu ya nyumba. Tulikuwa tumepatana ya kwamba mdogo wetu ndiye atakayenunua mabati.

Tulimwambia: Acha gari ikae, peleka mabati kwanza. Akajibu maneno yaliyotuchoma:

— Yaya, baba angalijenga.

Marehemu baba yetu alikuwa fundi wa kamyo Uvira. Mwaka 1996, miezi michache kabla ya vita kutukimbiza, kamyo moja ilivunja ponti karibu na Kamanyola, imebeba saruji. Baba alichukua sanduku la ponti moja iliyokufa na gia za nyingine, akafanya siku tatu, kamyo ikatembea. Mdogo wetu alikuwa mtoto wa miaka mitano, aliyepewa kazi ya kushika funguo. Alichobaki nacho ni ule moto wa kuchomelea na watu waliopiga makofi. Kwake yeye, kujenga ndiyo kuwa mtoto wa baba, na kununua ni kama kumkana.

Lakini sisi tulikuwa na miaka kumi, tukaona jambo jingine. Kazi ilipokwisha, mwenye kamyo alitaka kupakia saruji saa ile ile. Baba alikataa. Aliiendesha mwenyewe ikiwa tupu, pasipo kuchukua mtu hata mmoja, akaenda na kurudi, akalala chini yake akigusa bomba kwa kiganja asikie kama lina joto. Kisha ndipo aliposema: Pakieni. Na mtu mmoja alipomsifu, alijibu: Tunajenga kwa sababu duka liko mbali. Chuma cha usukani hakukubali kukichomelea hata siku moja, hata mtu akimwongeza feza. Baba hakujenga kwa kujionyesha. Alijenga kile alichoweza kukipima, na kile asichoweza kukipima alikingojea, hata kama ni mwezi mzima.

Tulitaka kumwambia mdogo wetu hayo yote, lakini tulikuwa na hasira, na neno lililotoka lilikuwa baya. Tulimwambia: Wewe unashindana na maiti. Aliondoka pasipo kutuaga. Haya nayo twayaandika, maana si vizuri mwalimu kuandika makosa ya mdogo wake tu.

Majuma mawili hatukusemezana. Kumbe alinunua ponti, akanunua shafti, akanunua mashine. Usiku mmoja alikata lile bomba akalichomelea peke yake garajini. Kwa macho kazi ilikuwa nzuri sana, ile alama ya moto imepangwa kama magamba ya samaki. Lakini chuma kikipata moto hupanuka, na kikipoa hujikaza, kikavuta upande ule uliochomwa kwanza. Yeye alichomelea mzunguko mzima kwa pigo moja. Bomba likapinda kidogo, kadiri jicho lisivyoweza kuona. Aliposukuma shafti ndani, ilikwama. Alipoilazimisha iliingia, lakini haikuzunguka kwa mkono. Angaliifunga hivyo hivyo, rulmani ingalikufa upesi, na shafti ingalijikunja na kujinyosha kila mzunguko, hata ivunjike. Tena katika ponti ya namna ile shafti hushikwa kule ndani kwa kibana kidogo chenye sura ya herufi C. Shafti ikivunjika, kile kipande cha nje huweza kutoka pamoja na gurudumu, motokari ikiwa mbioni.

Alikuja kwetu Jumapili jioni. Hakuketi.

— Yaya, nimetumia dola 800.

Tulihesabu kimya. Zake zilikuwa 700. Dola 100 za mabati zilikuwa zimekwisha kuguswa. Tulimwona amesimama mlangoni, mtu mzima wa miaka 32 mwenye grisi kwenye kucha, amekuwa tena yule mtoto mwenye kushika funguo. Tukakumbuka neno letu baya, tukaomba radhi sisi kwanza. Usiku ule ule tuliongeza dola 100, na kesho yake feza ya mabati ikaenda Uvira yote 1,100. Motokari ikapandishwa juu ya vigogo, ikakaa hivyo siku zote za baridi.

Wakati wa baridi sisi wawili tulizungumza vizuri, tukaona ya kwamba swali letu lilikuwa limeulizwa vibaya tangu mwanzo. Tulikuwa tumeuliza: Kujenga au kununua? kana kwamba ponti ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Ni kazi nyingi zilizofungwa ndani ya sanduku moja, na juu ya kila kazi yafaa kuuliza: Je, nikikosea, nitajua kabla ya kuingia njiani? Breki aliweza kuzifunga mwenyewe na kuzijaribu uani. Rulmani aliweza kuzitia na kuzisikiliza. Lakini unyofu wa bomba hakuwa na chombo cha kuupima. Na kupanga pinyoni na korona ni kazi ya nafasi ndogo mno, upana wa karatasi mbili au tatu kati ya jino na jino. Ukikosea hapo, ponti italia kama paka na meno yatalika.

Basi alifanya hivi. Mwezi wa tatu 2024 alinunua ponti nyingine ya Explorer, nzima, dola 250. Hakuchukua gia za ile ya kwanza kuzihamishia humo, maana gia hupangwa kila moja katika sanduku lake. Aliziacha jinsi kiwanda kilivyozipanga. Huko ni kununua. Bomba alilikata mwenyewe. Kulinyosha na kulichomelea alimpelekea mzee mmoja wa hapa, aliyestaafu kazi ya kuchomelea. Mzee yule anao mwamba mrefu wa chuma ulionyoka, unaopita toka mwisho wa ponti hata mwisho, umeshikwa na visahani mahali pa rulmani. Alichomelea doa moja juu, doa moja chini, akangoja lipoe. Kisha doa la kushoto, doa la kuume, akangoja tena. Kila mara aliuzungusha ule mwamba kwa vidole viwili. Ukizunguka pasipo kukwama, bomba limenyoka. Ukikaza, husubiri na kurudisha. Asubuhi nzima ilikwisha katika kazi ambayo mdogo wetu aliimaliza kwa dakika chache. Alidai dola 200. Mdogo wetu alituambia njiani ya kwamba hajawahi kutoa 200 kwa furaha namna ile.

Vikalio vya springi navyo vilimfundisha uvumilivu. Alitaka kuvichomelea juu ya meza. Mzee akamkataza: motokari ikae kwanza kwa uzito wake juu ya springi, pinyoni ielekezwe inavyotakiwa kuitazama kardani, vikalio vishikwe kwa doa tu, ndipo ponti itolewe na kuchomelewa sawasawa. La sivyo kardani itatetemeka mwendo wote.

Sasa hesabu ya mwisho. Zile 1,525 za karatasi, pamoja na 250 za ponti ya pili na 200 za mzee, ni dola 1,975. Kwa ponti mpya zingalikuwa 3,600. Basi alibakiza dola 1,625, na mashine ya kuchomelea ni yake. Lakini alitoa Jumamosi zake za miezi mingi na ponti moja iliyokwenda kwenye chuma chakavu. Mtu mwenye kuendesha teksi, ambaye kila siku ya kusimama ni siku ya njaa, hesabu yake ni nyingine. Huyo na anunue kama anaweza. Vilevile mtu mwenye kutafuta mbio kubwa zaidi, anunue ile ya inchi 9 yenye kushika shafti kwa nje. Mdogo wetu amekubali ya kwamba hatarudisha yale matairi ya gundi juu ya ponti hii.

Tena tumeona jambo hili. Kununua huuma mara moja, mtu akapiga kelele na kufikiri sana. Kujenga huuma kidogo kidogo, leo dola 40, kesho 60, naye hasikii. Hiyo ni nafuu kwa mtu asiye na feza nyingi, maana aweza kusimama na kuendelea mwezi ujao. Lakini ni mtego vilevile, maana zile dola 40 hazina adabu, zaweza kuingia hata katika feza ya mabati.

Siku ya kwanza ya kuijaribu motokari tulikuwa tumevaa viatu tayari kwa kupanda. Mdogo wetu alitufungia mlango.

— Hapana, Yaya. Tupu kwanza.

Alizunguka mtaani polepole, mara tatu, madirisha wazi, akisikiliza. Aliporudi alizima injini, akalala chini nyuma, akaweka kiganja juu ya bomba, kushoto, kisha kuume. Tulisimama tukamtazama miguu tu. Hatukumwambia neno, wala hatukumfundisha hilo sisi.

Jioni mama alituma picha ya nyumba toka Uvira. Mabati yanang'aa sana, na pembeni kuna moja limepigiliwa upande. Mdogo wetu aliitazama picha ile muda mrefu, akasema fundi yule angalipima kwanza. Tulicheka sisi wawili, kisha tukapanda motokari kwenda kununua mkate.